Hatua ya 14

Jumatatu, 6 Mei 2024

Saa saba usiku, sijalala. Mvua inapiga bati. Kimbunga kilishapita tangu juzi, ila huku Tabata maji bado yamejaa barabarani.

Dogo wa ofisini kapiga simu saa tano na nusu. Zamu yake ya kwanza peke yake. Mchana nilimwambia: fuata mwongozo wa kufunga hesabu za siku kama ulivyo, usiruke, usibuni. Kijana kafuata. Kafika hatua ya 9, "ingia seva ya pili, hakikisha foleni imeisha." Seva ya pili haipo. Ilizimwa Novemba. Kakaa pale nusu saa nzima akidhani anakosea nenosiri.

"Dada, samahani kwa kukuamsha." Ile sauti ya woga ndiyo inayoniweka macho. Hajakosea chochote. Kafanya walichomwambia wakubwa zake kwa maandishi.

Kinachoniuma ni hiki: tangu Novemba kila aliyekaa zamu ameiruka hatua ya 9. Usiku hadi usiku. Wanaijua, wanaipita, hakuna anayeifuta. Mwongozo umebaki sahihi kwa wale tu wasiouhitaji.

Kesho kutwa kikaoni nalisema.

Jumatano, 8 Mei

Nimelisema. Bosi: miongozo hupitiwa Novemba, kabla wakaguzi hawajaja. Kama lipo la haraka, jaza fomu. Fomu ina sahihi nne: mwandishi, mkuu wa kitengo, mtu wa usalama, kisha yeye mwenyewe. Ya mwisho iliyopelekwa ilizunguka meza kwa meza hadi aliyeipeleka akasahau alitaka kubadili nini.

Sikubishana naye leo. Sahihi zile zina historia. Kuna mwaka mtu alibadili utaratibu wa kurejesha miamala bila kumwambia yeyote, na wanachama wanaokopa kupitia mfumo wetu wakasumbuka. Nalielewa hilo. Lakini sahihi nne, kufuta jina la seva iliyokufa?

Jioni Dogo ananifariji. "Usijali dada, nimeshapata mwongozo wenyewe." Kumbe Mama wa dawati la wateja kamrushia sauti ya Fundi, mkongwe wetu, kwenye WhatsApp. Ya mwaka juzi. Fundi anapanga hatua zote za kufunga siku, harakaharaka, adhana inasikika nyuma yake. Ofisi nzima wanayo kwenye simu zao.

Nimeisikiliza tena ndani ya daladala. Jamani, ni nzuri. Anaeleza kuliko sisi tunaoandika: ukiona hivi usiogope, inachelewa tu, ukiona vile simama hapohapo, usiguse kitu. Mwongozo rasmi hauna neno "usiogope" popote, wala hauna "simama." Una "hakikisha," "thibitisha," "endelea."

Ila sauti hairekebishiki. Katikati anataja ileile seva ya pili. Nani atapita kwenye simu za watu kufuta sekunde chache za Fundi?

Na Fundi anahamia Dodoma mwisho wa Juni.

Jumapili, 12 Mei

Intaneti imekufa tangu asubuhi. Nilidhani bando limeisha. Jirani naye hana. Dada yangu Mwanza naye, kwa simu ya kawaida, hana.

Sasa ni usiku, Dogo yuko zamu. Seva zetu ziko hapahapa mjini, tunazifikia. Kanzidata nzima. Miamala inapita, polepole. Kisichofunguka ni kimoja: miongozo. Tuliiweka kwenye jukwaa la kukodi, na mashine zake ziko ng'ambo ya bahari. Kila kitu kipo Dar isipokuwa maelekezo ya kukiendesha.

Nimemsomea hatua kutoka kichwani, simu sikioni, mpaka amefunga siku. Zile nisizokuwa na uhakika nazo amesikiliza kwenye sauti ya Fundi. Ilikuwa imeshapakuliwa.

Jumatatu, 13 Mei

Kebo mbili kwa mpigo, EASSy na Seacom, zimekatika chini ya bahari huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kenya, Uganda, wote wanalia.

Leo kikao kilikuwa kifupi kwa sababu hakuna aliyekuwa na barua pepe ya kusoma. Nikapata nafasi. Nimependekeza: miongozo itoke kwenye jukwaa, ije iishi kwenye hifadhi ileile ya msimbo. Mafaili ya maandishi matupu. Kwa nini:

Kila mhandisi akichukua msimbo, anachukua historia yote kwenye laptopu yake. Miongozo ikiwa mle, bahari ikatike isikatike, Dogo anayo.

Halafu, na hili ndilo kubwa zaidi, mtu akizima seva ya pili, ombi lake la kuunganisha mabadiliko linaonyesha pande zote mbili kwa wakati mmoja: hapa nimefuta seva, hapa nimefuta hatua ya 9. Anayepitia anaona. Kama upande wa pili hauna kitu, anauliza.

Si jambo la kubuni. Kiini cha Linux kimeweka taratibu zake humohumo kwenye msimbo, folda ya Documentation/process: jinsi ya kutuma kiraka, mtindo wa kuandika, yote. Utaratibu ukibadilika, nao unatumiwa kiraka kama mstari wowote wa msimbo.

Bosi kasema tujaribu kwa mwongozo mmoja. Kufunga siku. Sawa. Mmoja unatosha kuanzia.

Alhamisi, 16 Mei

Kaka wa malipo kanikatisha tamaa. Sisi ni watu wa Agile, anasema, Agile ilishaua nyaraka. Anasema kwa upole, ananiheshimu, lakini anaamini.

Nimemjibu nikiwa nimesimama mlangoni, na najua sikujibu vizuri, kwa hiyo niandike hapa nipate kuliweka sawa. Wale watu 17 walioandika ilani ya Agile walikutana Snowbird, Utah, Februari 2001. Walikuwa wamechoshwa na miradi inayoandika vitabu miaka miwili kabla programu haijawaka. Wakasema programu inayofanya kazi itangulie mbele ya nyaraka nene. Itangulie. Na chini yake wakaandika wazi kwamba hata kile kinachofuata nyuma kina thamani. Watu husoma mistari minne ya juu na kuacha huo wa chini.

Mwongozo wa zamu si waraka mnene. Ni kurasa mbili. Na tuulizane, mfumo wetu "unafanya kazi" kwa maana gani, kama kila usiku unahitaji mtu na mtu huyo anahitaji sauti ya Fundi? Maelekezo ni sehemu ya mfumo. Yakioza, mfumo umeoza upande huo, hata kama majaribio yote yana alama ya kijani.

Kesho nitamwambia hivi, nikiwa nimekaa.

Jumanne, 21 Mei

Nimesoma tena uamuzi wa SEC, msimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani, juu ya Knight Capital. Kila nikiusoma napata baridi.

Agosti 1, 2012. Kampuni ya hisa ya Marekani, seva nane. Fundi wao anapandisha msimbo mpya kwenye saba, moja anaisahau. Kwenye hiyo moja umebaki msimbo wa zamani ambao haukuwa umetumika kwa miaka. Soko linafunguliwa, msimbo wa zamani unaamka, unaanza kununua na kuuza bila kikomo. Dakika 45. Hasara zaidi ya dola milioni 440. Kampuni haikusimama tena kwa miguu yake.

Wengi hukumbuka ile seva ya nane. Mimi nakumbuka mambo mawili mengine. Kwanza, hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa kumtaka mtu wa pili kukagua upandishaji. Haukuandikwa popote, kwa hiyo hapakuwa na wa kuuvunja. Pili, walipokuwa wanahangaika kuzima moto, wakaondoa msimbo mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa sahihi. Zikawa nazo zinaendesha ule wa zamani. Tatizo likakua.

Nawaona wale watu. Asubuhi, simu zinalia, kila mmoja anakisia. Hakuna ukurasa wa kufungua unaosema: likitokea hili, zima kwanza, kisha uliza. Walikuwa wahandisi wazuri bila shaka. Akili peke yake kwenye dakika kama zile haitoshi. Inahitaji kitu ambacho mtu mtulivu alikiandika siku ya utulivu.

Nimempa Dogo asome. Kaniuliza, "Sisi upandishaji wetu anakagua nani?" Anakagua Fundi.

Jumapili, 26 Mei

Nimeshinda nyumbani nahamisha. Ni kufuta zaidi kuliko kuandika.

Kurasa tatu tofauti za "jinsi ya kupandisha toleo," kila moja inasema lake. Ukurasa wa mashine ya kuchapa stakabadhi ambayo haipo. Ukurasa wenye mstari mmoja tu: "Muulize yeye." Yeye nani? Ukurasa mrefu, mzuri, wenye picha za skrini zenye mishale myekundu, na vitufe vyote kwenye picha vimeshahama. Picha za skrini ndizo zinazooza kwanza. Amri ya maandishi huishi muda mrefu zaidi. Sitaki picha tena, ila pale ambapo bila picha mtu hawezi kujua anaangalia nini.

Kufuta kunaniletea raha. Na hofu kidogo, kisha nakumbuka Git, tunamohifadhi msimbo, inatunza historia, kilichofutwa kinaweza kurudi. Kurasa mbili zilizo hai ni bora mara mia kuliko maktaba ambayo msomaji hajui aamini kipi. Kwa sababu mtu akishakuta uongo mmoja kwenye mwongozo haamini tena hata yaliyo kweli. Anarudi WhatsApp. Namuelewa.

Ijumaa, 31 Mei

Kufunga mwezi. Tumekesha watatu: mimi, Dogo, Fundi.

Hatua ya 14: "Subiri dakika 20." Basi. Hakuna zaidi. Saa sita usiku watu wazima watatu wanatazama saa ya ukutani.

Dogo kasema tuifute. Nami nilikuwa karibu kukubali, ilifanana kabisa na ile ya 9. Nikamwuliza Fundi kwanza.

Fundi akavuta kiti. Mwanachama yuko Mbagala, anasema, anauza gengeni. Anarejesha mkopo wake kwa simu saa tano na dakika 58 usiku, siku ya mwisho wa mwezi, kwa sababu ndiyo saa aliyomaliza kuhesabu mauzo. Pesa imetoka kwake. Lakini jibu la mtandao wa simu kuja kwetu linaweza kuchelewa, mara nyingi dakika moja mbili, usiku wa mwisho wa mwezi zaidi. Likifika baada ya kufunga, rejesho linaangukia Juni. Mfumo unaona Mei hajalipa. Unamwandikia faini. Asubuhi anapata ujumbe kwamba amechelewa, na yeye ameshika mkononi ujumbe wa kulipa kwa wakati.

Fundi alikaa siku nyingi akipima ucheleweshaji huo. Mrefu aliouona ulikaribia robo saa. Akaongeza kidogo. Dakika 20.

Kimya. Dogo akasema, "Mimi ningemtoza yule mama faini." Hapana, mdogo wangu. Mwongozo ndio ungemtoza. Ulikuficha sababu.

Nimeandika palepale, kabla hatujafunga: *Kwa nini: malipo ya simu yaliyoanza kabla ya saa sita yanaweza kujibiwa baada ya saa sita. Ukifunga mapema, aliyelipa kwa wakati anaandikiwa faini.*

Naanza kuona kazi yenyewe ilivyo. Hatua isiyo na sababu hakuna anayeweza kuifuta kwa usalama wala kuifuata kwa moyo. Ya 9 ilistahili kufutwa, ya 14 ilistahili kulindwa, na kwenye karatasi zilikuwa zinafanana kama mapacha. Usasishaji wote tunaouzungumza vikaoni, tarehe, matoleo, sahihi, haufiki hapa. Kuanzia sasa kila hatua iwe na "kwa nini." Isiyo na jibu, tunaitafutia jibu kabla Fundi hajaondoka.

Jumamosi, 8 Juni

Fundi kaja ofisini siku ya mapumziko, kwa hiari yake, na maandazi ya mkewe. Mungu ambariki.

Jaribio la kwanza halikwenda: nikamwambia aeleze, mimi niandike. Akieleza anaruka. Si kwa kuficha. Mambo aliyoyafanya kwa miaka hayaoni tena kama mambo.

Tukageuza. Dogo ashike kibodi, afuate mwongozo, Fundi akae nyuma yake na asiseme neno. Mimi niandike kila mahali Dogo anaposita. Akisita, hapo ndipo mwongozo una shimo. Fundi alikuwa anauma midomo kwa kujizuia! Mara mbili alishindwa, akasema "hapana, hapo..." na kila alichosema baada ya "hapo" kilikuwa dhahabu.

Nilikuwa namfikiria Peter Naur, yule Mdenmaki. Mwaka 1985 aliandika kwamba programu hasa ni ile nadharia iliyomo vichwani mwa walioijenga. Msimbo na nyaraka ni masalia yake tu, na timu ikitawanyika programu imekufa hata kama bado inawaka. Nilipoisoma chuoni ilinivunja moyo. Leo nimeisoma tofauti. Kama kweli kuna kisichoandikika, basi kipitishwe kwa kukaa pamoja, kama leo, na karatasi ibebe kile inachoweza kubeba. Mwongozo haujanipa Fundi wa pili. Umenipa Dogo anayejua maswali ya kuuliza.

Bado kurejesha nakala rudufu hatujagusa.

Jumatatu, 17 Juni

Idi. Kaka wa malipo kajitolea zamu ili sisi tusherehekee. Kaniandikia usiku ujumbe mmoja: "Nimefunga siku kwa mwongozo wako. Sijampigia mtu." Yeye aliyeniambia nyaraka zimekufa.

Biriani kwa mama. Nimelala mchana kama mtoto.

Alhamisi, 20 Juni

Swali linalonisumbua wiki hii: nitajuaje mwongozo umezeeka kabla haujamwangusha mtu?

Kuweka tarehe juu yake hakutoshi. Tarehe inaniambia lini mtu aliutazama. Kutazama kitu gani? Novemba mtu huufungua, hubadili tarehe, huufunga.

Debian, wale wa Linux, wana njia ninayoipenda. Kila kifurushi kinabeba mstari, Standards-Version, unaotaja toleo la sera yao ambalo kifurushi hicho kilikaguliwa nalo mara ya mwisho. Na sera yenyewe inakuja na orodha ya kilichobadilika toleo hadi toleo. Kwa hiyo mtunzaji akirudi baada ya mwaka hasomi kitabu kizima. Anatazama yuko wapi, anasoma yaliyobadilika tangu hapo, anarekebisha, anasogeza namba. Uaminifu mtupu: sisemi niko sawa, nasema nilikaguliwa kwa kipimo hiki.

Nimeiga. Juu ya kila mwongozo: umeendeshwa kwenye toleo lipi la mfumo, na nani. *Umeendeshwa,* si umesomwa. Toleo la mfumo likizidi namba hiyo kwa hatua mbili, mwongozo unapata alama nyekundu.

Na Dogo kaongeza la kwake, sikumwambia. Kaandika programu ndogo inayosoma majina ya seva yote yaliyotajwa kwenye miongozo na kuyalinganisha na orodha ya seva zilizopo. Jina lisilokuwepo, mabadiliko hayaunganishwi hadi litengenezwe. Kaijaribu kwenye mwongozo wa zamani: papo hapo, hatua ya 9, nyekundu.

Nilitaka kumkumbatia.

Haiwezi kujua kila kitu. Haiwezi kujua kama "kwa nini" bado ni kweli. Ila uongo ule wa kizembe, wa majina na njia, mashine iukamate, sisi tubaki na ule unaohitaji akili ya mtu.

Ijumaa, 28 Juni

Fundi ameaga. Keki, picha, maneno. Bosi kalia, sikutarajia.

Nimekwenda nyumbani na uzito. Kwenye orodha yangu bado kuna hatua zenye "kwa nini: ?" na kila moja ni simu ya kwenda Dodoma.

Jumatano, 10 Julai

Bosi. Mlango umefungwa, chai mezani. Sahihi nne.

Sikwenda kumwambia aache kudhibiti. Nilikwenda na laptopu. Nikamwonyesha historia ya mwongozo wa kufunga siku: nani kabadili mstari gani, saa ngapi, nani kaupitia, maneno waliyojibizana. Nikamwuliza, ile karatasi ya sahihi inamwambia mkaguzi nini ambacho hiki hakimwambii? Akatazama muda mrefu. ISO 9001 ya 2015 inataka taarifa zilizoandikwa zidhibitiwe: zipatikane zinapohitajika, mabadiliko yafuatiliwe, zilindwe dhidi ya matumizi yasiyofaa. Haitaji popote idadi ya sahihi. Idadi tuliiweka sisi.

Hofu yake ilikuwa ya kweli na aliisema waziwazi: kijana wa zamu, saa nane usiku, amechoka, anabadili hatua ya fedha. Nikasema ndiyo, na huyo ndiye mtu pekee anayeona kwamba hatua haifanyi kazi. Asubuhi ameshalala, amesahau. Tukimzuia kuandika palepale tunapoteza ushahidi.

Tumekubaliana: wa zamu anaandika usiku uleule kwenye tawi lake, hatua yake inaonekana na alama "haijapitiwa." Kabla ya saa nne asubuhi mtu wa pili anaipitia. Hatua zinazogusa fedha za wanachama, watu wawili. Sahihi nne zibaki mara moja kwa mwaka, kwa kitabu kizima, na yeye atakisoma kweli.

Saa nane usiku wa kuamkia leo, kumbe, Dogo alikuwa ameshatuma mabadiliko. Hatua ya 14. Kaifuta "subiri dakika 20." Moyo ukaruka. Kisha nikasoma chini: sasa ni amri inayohesabu malipo ya simu ambayo bado hayajajibiwa. Ikifika sifuri, endelea. Ikipita dakika 40 haijafika sifuri, usifunge, piga simu namba hii. Na "kwa nini" kaiacha yote, neno kwa neno, na kuongeza: *Zamani tulisubiri dakika 20 kwa sababu hatukuwa na njia ya kuhesabu.*

Kwa hiyo usiku wa kawaida tunafunga ndani ya dakika chache. Na usiku mbaya, ambao dakika 20 zisingetosha, tunajua.

Nimeipitia, Kaka wa malipo kaipitia. Imeunganishwa. Nimempigia Fundi, kasema, "Huyo kijana mwangalieni vizuri."

Jumamosi, 13 Julai

Zoezi la kurejesha nakala rudufu, kwenye seva ya majaribio. Mwongozo ulisema saa moja. Imetuchukua asubuhi nzima.

Sababu ya mimi kung'ang'ania zoezi hili ni GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo. Januari 31, 2017 mhandisi wao alifuta folda ya kanzidata kwenye seva isiyo sahihi, gigabaiti kama 300 zikabaki 4.5. Wakakimbilia nakala rudufu: zilikuwa zinashindwa kimyakimya kwa muda, toleo la chombo cha kunakili halikulingana na kanzidata, na barua za tahadhari zilikuwa zinakataliwa njiani. Wakaokolewa na nakala ya saa sita nyuma iliyochukuliwa kwa bahati kwa shughuli nyingine. Katika maelezo yao wenyewe wakakiri kwamba tabia ya chombo kingine kilichowachanganya usiku ule haikuwa imeandikwa vizuri kwenye miongozo yao. Walisema yote hadharani. Nawaheshimu kwa hilo.

Sisi: nakala zipo, zinafunguka, data kamili. Muda ulikuwa wa uongo, kanzidata imekua tangu ulipoandikwa. Nimebadili. Bosi ahesabu upya aliyowaahidi wateja. Hilo hatalipenda, lakini sasa ni namba ya kweli.

Jumapili, 21 Julai

Tangu Ijumaa dunia ina skrini za bluu. Sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike. Microsoft wanasema mashine kama milioni 8.5. Ndege zimelala viwanjani, hospitali zimerudi kwenye karatasi.

Sisi hatuitumii. Lakini nimesoma jinsi ya kutengeneza: mashine moja moja, kwa mkono, washa katika hali salama, futa faili moja. Rahisi. Isipokuwa diski ikiwa imefungwa kwa usimbaji, unahitaji kwanza ufunguo wa kuifungua. Na kuna waliokuwa wametunza funguo hizo kwenye seva ambazo nazo zimezima.

Nimeacha wali jikoni, nikafungua mwongozo wetu wa dharura. Funguo za diski zetu ziko wapi? "Kwa msimamizi wa mfumo."

Msimamizi wa mfumo alikuwa Fundi.

Programu ya Dogo haiwezi kukamata hilo, inatafuta majina ya seva, si vyeo vya watu waliohama. Nimempigia Dodoma. Kapokea, watoto wanapiga kelele nyuma. Bahasha ya kaki, anasema, kasiki la mhasibu, rafu ya chini, alibandika mwenyewe. Mhasibu anajua? Hana hakika. Nimeandika: mahali, nani ana ufunguo wa kasiki, nani wa pili kama huyo hayupo, kwa nini hazikai kwenye seva. Alama "haijapitiwa." Kesho saa mbili Dogo na mimi tunakwenda kwa mhasibu, tuitoe bahasha, tuzime seva ya majaribio na tujaribu kama funguo zinafungua.